Lugha kwa Amri

Kisiwani kwetu Amu, mtu ajuaye kusoma Kiingereza hana mapumziko. Huitwa barazani, hungojewa nje ya msikiti, hugongewa mlango baada ya isha. Hakuna amtakaye kwa ajili ya mashairi. Watu hutaka wasomewe karatasi: hati ya kuitwa mahakamani, masharti ya mkopo, barua ya bima, cheti cha daktari. Miaka si mingi iliyopita alinijia mzee mmoja, nahodha aliyekwisha kuacha bahari, sahibu wa marehemu babangu. Akaketi, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akanambia, "Mwanangu, nisomea hii. Wamenambia ni ya nti."

Kwa Kiamu "nti" ni nchi, na ni ardhi pia, kama ilivyo nchi katika Kiswahili cha wazee wote. Karatasi ilikuwa tangazo la ardhi. Lilihusu eneo la ng'ambo, upande wa bara, ambamo mlikuwa na shamba alilorithi kwa babake. Na lilisema kwamba mwenye pingamizi alipeleke kwa maandishi katika muda wa siku 60. Nilihesabu tarehe. Zilikuwa zimesalia siku 9. Zile nyingine zote karatasi ilikaa juu ya kabati nyumbani kwake, ikipitiwa na macho ya watoto na wajukuu ambao shule waliisoma, lakini Kiingereza cha mawakili hawakukisoma.

Nikamfasiria neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Hawa waliyoandika hii, Kiswahili hawakijui?"

"Wakijua, Ami. Wote wakijua."

"Basi wamemwandikia nani?"

Sikuwa na jawabu la kumpa, na insha hii ni katika kulitafuta. Kwani swali lake ni mlango wa swali kubwa ambalo watu wa fikra hulumbana juu yake kila mara: je, yafaa nchi ijitangazie lugha moja kuwa ndiyo ya taifa, au lugha iachwe ijiendee, kama upepo uendavyo? Wako wasemao kwamba lugha haiamriwi. Wako wasemao kwamba pasipo amri ya dola, lugha ya mnyonge humezwa na lugha ya mwenye mali. Mimi si mwanazuoni. Shule niliiacha mapema, na sababu ya kuiacha itakuja mahali pake. Lakini nimeishi katika nchi iliyoamriwa kusema Kiswahili, nami nilikuwa mtoto wa miaka mitano ilipoamriwa.

Ilikuwa mwaka 1974. Tangu uhuru wa 1963 Bunge la Kenya lilikuwa likijadiliana kwa Kiingereza, na Katiba ilimtaka mtu ajue Kiingereza cha kutosha ndipo aweze kuwa mbunge. Chama cha KANU kilikuwa kimepitisha azimio mwaka 1970 kwamba Kiswahili kifanywe lugha ya taifa, lakini azimio lilikuwa limelala kama mashua iliyopandishwa pwani. Ndipo tarehe 4 Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta alipotoa agizo kwamba Bunge liseme Kiswahili, na lianze mara moja. Hapakuwa na mwaka wa matayarisho wala mwezi wa mafunzo. Katiba yenyewe ilirekebishwa baadaye, ikivutwa nyuma ya agizo.

Nakumbuka redio ya betri ya babangu, na watu waliojaa barazani, na furaha yao zaidi ya maneno yaliyosemwa. Kwa watu wa pwani lilikuwa jambo la kustaajabisha. Lugha ambayo tulikuwa tukichekwa kwayo huko bara, kwamba ni ya watu wa mikeka na kahawa, leo imekalishwa kiti cha mbele! Mmoja wa wazee alisema kwamba sasa mbunge wetu hatarudi tena kutwambia kwamba alisema mengi, kwani tutamsikia wenyewe. Naamini neno la mzee yule lilikuwa na hekima kuliko makala mengi niliyosoma baadaye juu ya kadhia hii. Alikuwa amekwisha kufahamu kwamba lugha ya taifa si pambo; ni njia ya kumchunga uliyemtuma.

Lakini tazama amri ilivyofanya kazi. Miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mbunge alisimama na karatasi ya Kiingereza mkononi, akaisoma kimoyomoyo, akaifasiri papo hapo, akaitolea hoja kwa Kiswahili, na kisha hoja yake ikarudishwa katika Kiingereza ili iingie katika sheria. Mimi nimefasiri kwa zaidi ya miaka 30. Ukurasa mmoja wa sheria, ukitaka usimdhulumu mtu, hula siku nzima, na siku nyingine hula usingizi wa usiku pia. Kumtaka mtu aufanye kwa ulimi, amesimama, mbele ya wapinzani wake, bila istilahi zilizokubaliwa na bila kamusi ya sheria, ni kumwambia avuke mkondo wa Mkanda bila kafi. Mabingwa wa kusema kwa Kiingereza wakawa wazito, na lugha ikalaumiwa kwa kosa la waliokosa kuitayarishia kazi.

Basi Katiba ikaguswa tena mwaka 1975, na mwaka 1979 Kiingereza kikarudishwa Bungeni kikae pamoja na Kiswahili. Maneno ya Katiba yalivyotulia yalikuwa haya kwa maana: lugha za Bunge ni Kiswahili na Kiingereza, na shughuli zaweza kuendeshwa kwa yoyote katika hizo, lakini kila mswada na kila sheria viandikwe kwa Kiingereza. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kiswahili kilipewa kinywa, kikanyimwa kalamu.

Mwaka ule ule wa 1974 lilitokea jambo jingine, nalo wapenzi wa mashairi hawalisahau. Tuzo ya fasihi iliyopewa jina la Rais mwenyewe, Tuzo ya Jomo Kenyatta, ilikiendea kitabu cha *Sauti ya Dhiki* cha Abdilatif Abdalla. Mashairi yale aliyatunga gerezani, alikofungwa mwaka 1969 hadi 1972 kwa kuandika karatasi iliyouliza *Kenya: Twendapi?* Serikali iliyomfunga mtu kwa Kiswahili chake ndiyo iliyoamuru Kiswahili kisemwe Bungeni, na nchi iliyomtia ndani ndiyo iliyompa tuzo. Sisemi haya kwa kubeza. Nayasema kwa kuwa yaonyesha kwamba kuitawaza lugha na kuisikiliza ni mambo mawili. Tena, kitabu kile kimeandikwa kwa Kimvita, na mwenyewe hakukubali kukisawazisha kifuate vitabu vya shule. Hili latupeleka kwenye swali ambalo agizo la Julai halikuliuliza: Kiswahili kipi?

Swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa na watu wengine, nusu karne kabla. Wamishenari waliotangulia walikuwa wamegawanyika. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake iliyotoka 1882 ilisimama juu ya lugha ya Mvita. Edward Steere alikuwa Unguja, na kitabu chake cha kufunzia lugha, cha 1870, kilisimama juu ya Kiunguja. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukaelekea Kiunguja, na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyokusanya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, kusudi vitabu vya shule viwe na tahajia moja na sarufi moja. Katika miaka yake ya mwanzo hakukuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Kamusi yao ilitoka mwaka 1939, na lugha iliyomo ndiyo tuiitayo sanifu.

Sina ugomvi na Kiunguja. Kilikuwa kimekwisha kufika Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa kwa miguu ya wapagazi, na mtu atakaye lugha ya kuwakusanya wengi alikuwa na haki kukitazama. Lakini gharama ililipwa, na ni sisi tulioilipa. Upande wetu wa kaskazini ndiko zilikokuwa tenzi za Pate na Amu. Ndiko alikokuwa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa *Al-Inkishafi*. Ndiko alikotunga Mwana Kupona wasia wake kwa bintiye mwaka 1858. Na Mvita ndiko alikokuwa Muyaka bin Haji, ambaye mashairi yake yasingalitufikia lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyakusanya pamoja na William Taylor. Hazina yote hiyo, kwa kalamu moja, ikawa "lahaja". Tahajia mpya haikuwa na alama ya kumtenga paa wa mwituni na paa la nyumba, wala kaa wa baharini na kaa la moto, maneno ambayo sikio la Mmvita au la Mwamu haliyachanganyi hata kidogo kwa kuwa moja lina pumzi na jingine halina. Mshairi hulia juu ya mambo madogo kama haya, na watu wa kamati humshangaa.

Nami shuleni niliandika "ndia" mahali pa njia, "moya" mahali pa moja, na "mayi" mahali pa maji, nikatiwa alama nyekundu. Mwalimu hakuwa mtu mbaya; alikuwa ametoka mbali, na Kiswahili alikipata kitabuni. Mtoto wa kisiwa cha washairi alisahihishwa lugha ya mamake na mtu aliyeisoma kwa miaka mitatu. Mamangu nilipomwonyesha daftari alicheka, kisha akanyamaza.

Ila alama nyekundu za Kiswahili hazikuniharibia maisha, kwa sababu Kiswahili hakikuhesabiwa. Nilikaa mtihani wa darasa la saba mwaka 1983. Mtihani ule ulikuwa na Kiingereza, hesabu, na karatasi ya maarifa ya jumla. Hiyo ni miaka tisa baada ya agizo la Julai, na lugha ya taifa haikuwamo katika mtihani wa taifa. Mimi niliyejua beti mia kwa moyo nilianguka Kiingereza, na huo ukawa mwisho wa shule yangu. Niliendelea peke yangu kwa kamusi mbili zilizokuwa zimetoka majalada, na kwa msaada wa mabaharia. Miaka miwili baadaye, 1985, ulipoanza mfumo wa 8-4-4, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, msingi hadi sekondari. Nathubutu kusema kwamba mwaka huo wa 1985, usiokuwa na ngoma wala agizo la Rais Bungeni, ulikifaa Kiswahili cha Kenya kuliko ule wa 1974. Mzazi wa Kisii au wa Meru hakukinunulia mtoto wake kitabu kwa uzalendo. Alikinunua kwa kuwa alama zilikuwa zikihesabiwa. Na leo katika watunzi wema wa Kiswahili walio Kenya wamo wengi ambao nyumbani kwao Kiswahili hakikusemwa.

Twende kusini, kwa kuwa kila akitetea lugha ya taifa huko ndiko anyoshako kidole. Tanganyika ilikuwa na bahati ya kihistoria ambayo Kenya haikuwa nayo. Wajerumani waliwatumia maakida na maliwali wenye kuandika Kiswahili, na barua ya serikali ikazoea kufika kijijini kwa lugha hiyo tangu kabla ya vita vya 1914. Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili Desemba 1962, Jamhuri ilipozaliwa. Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza kwamba shughuli za serikali zifanywe kwa Kiswahili, na mwaka huo huo likaundwa kwa sheria Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, la kutafuta maneno na kuyachunga. Kenya, Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa baraza la namna hiyo mwaka 2018. Msomaji ahesabu mwenyewe.

Jambo ninalolipenda zaidi katika habari ya Tanzania halimo katika maagizo. Ni kwamba kiongozi wa nchi alikaa akamfasiri Shakespeare: *Julius Caesar* mwaka 1963, na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Wako wanaozikosoa tafsiri zile, na mimi ningalichagua maneno mengine hapa na pale. Lakini mtu aliyehangaika usiku na mstari mmoja wa Kiingereza hawezi tena kuwaambia watu kwamba lugha yao haina maneno. Anajua kwamba maneno hupatikana kwa jasho.

Hata hivyo kusini nako amri ilikwama mlangoni. Mtoto wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huingia sekondari akakutana na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nayo ianze kufunza kwa Kiswahili, na serikali ikakataa. Mahakamani, mshtakiwa wa mahakama ya mwanzo alisikiliza kesi yake kwa Kiswahili. Akikata rufaa mpaka Mahakama Kuu, hukumu ilimjia kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kutoka agizo la Kawawa mpaka hapo ni miaka 54. Na hiyo ndiyo nchi iliyofanya vizuri kuliko zote! Uganda ya Idi Amin nayo iliamuru Kiswahili kiwe lugha ya taifa mwaka 1973, na amri ikabaki makaratasini, kwani raia walikuwa wakikisikia lugha hiyo zaidi katika vinywa vya askari.

Sasa turudi kaskazini, tupite Kiwayu na Kiunga, tuvuke mpaka. Wasomaji wa bara husahau kwamba pwani yetu haikomei hapo, na kwamba amri kali kuliko zote katika miaka ile haikutolewa Nairobi wala Dar es Salaam. Ilitolewa Mogadishu. Tarehe 21 Oktoba 1972 serikali ya Siad Barre ilitangaza kwamba Kisomali kitaandikwa kwa herufi za Kilatini na kuwa lugha ya dola. Tangu uhuru wa 1960 ofisi za nchi ile zilikuwa zikiandikiana kwa Kiingereza, Kiitaliano na Kiarabu, huku lugha ya watu, yenye washairi wasiohesabika, haina hata tahajia rasmi. Wafanyakazi wa serikali wakapewa miezi michache wajifunze. Mwaka 1974, wakati wabunge wa Kenya wakihangaika na ndimi zao, shule za juu za Somalia zilifungwa, na wanafunzi na walimu zaidi ya 20,000 wakatumwa mashambani na machungani kwenda kufundisha kusoma. Vitabu vikachapwa. Fomu za ofisi zikachapwa. Yaani amri ilifuatwa na kazi, na kazi ikafanywa kwa kalamu. Kwa upande huu nathubutu kuisifu, ingawa siusifu utawala ulioitoa.

Lakini katika nchi ile ile uko mji wa Barawa. Watu wake husema Chimiini, ndugu wa damu wa Kiswahili chetu. Mwamu akikaa nao juma moja huanza kukisikia. Barawa ndiko alikoishi Dada Masiti, bibi mtakatifu na mshairi aliyefariki mwaka 1919, ambaye kasida zake hizo za Chimiini zilisomwa na wanawake na wanaume vizazi kwa vizazi. Amri ya 1972 haikumtaja. Taifa lilikuwa na lugha moja, na asiye na lugha hiyo alikuwa kana kwamba hana lugha. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Wabajuni wa visiwa vya upande ule. Dola ilipoanguka mwaka 1991, Wabarawa walikimbia kwa majahazi wakashukia Mombasa, na wengi wakaendelea mpaka Uingereza na Marekani. Nilikutana na mmoja wao katika duka la nguo, mtu mzima wa makamo yangu, nikamwomba anisomee kasida. Alisoma beti mbili tatu, sauti ikamkwama, akaniambia kwamba watoto wake walioko ng'ambo hawazijui.

Nalieleza la Barawa kwa urefu kwa sababu hatia kama hiyo yatuhusu nasi. Bara la kwetu, misituni nyuma ya Mokowe na kuelekea Kiunga, wako Waaweer, ambao sisi tumewaita Waboni kwa miaka mingi. Walikuwapo kabla ya mashamba yetu. Lugha yao sasa husemwa na wachache, na vijana wao husema Kiswahili na Kisomali. Hakuna amri iliyotolewa dhidi yao. Ilitosha kwamba soko, shule na zahanati zote zina lugha ya mwingine. Sisi tuliolalamika kwamba tumeitwa lahaja, je, tumewahi hata siku moja kuliuliza jina la mti kwa Kiaweer? Mtunzi wa Kikamba au Kijaluo akiniambia kwamba Kiswahili cha taifa chamtia hofu, siwezi kumjibu kwa kumtaja adui Kiingereza tu. Hofu yake nimeiona kwa macho yangu, saa mbili za gari kutoka mlangoni kwangu.

Pamoja na hayo yote, nasema nchi na itangaze. Wale wasemao lugha iachwe ijiendee husahau kwamba haijawahi kuachwa. Tume ya Ominde ilipokaa mwaka 1964 na kupendelea Kiingereza kiwe cha kufundishia tangu darasa la kwanza, huo nao ulikuwa uamuzi wa dola. Karatasi ya mzee wangu nayo ni uamuzi wa dola. Kuna mtu aliyeiandika kwa lugha moja na kuacha nyingine. Tofauti ni kwamba uamuzi ulioandikwa katika Katiba waweza kushitakiwa kwao, na ule usioandikwa hauna pa kushikwa. Ila tangazo lisiloleta karatasi mlangoni mwa mtu kwa lugha aisomayo, mimi naliita hutuba.

Katiba ya Kenya ya 2010 imejaribu. Ibara ya 7 yasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kisha yaitaka dola ilinde lugha mbalimbali za watu wa Kenya na kuendeleza lugha za kienyeji, na Lugha ya Ishara, na Breli. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama. Mtu wa Barawa na Mwaaweer wangalipata pa kukaa katika ibara hiyo. Nikaendelea kusoma, kama afanyavyo mfasiri, mpaka mwisho mwisho ambako watu hawafiki, nikaikuta ibara ya 259. Humo mmeandikwa kwamba ikitokea hitilafu baina ya nakala za Katiba hii za lugha mbalimbali, nakala ya Kiingereza ndiyo itakayoshinda.

Nalijua fungu la namna hiyo; katika kila mkataba nilioufasiri limo, na sababu zake za kazi nazifahamu. Lazima pawe na nakala moja ya kurejewa. Lakini hapa nchi ilikuwa ikitaja lugha yake, na katika kitabu hicho hicho ikaiambia lugha hiyo kwamba mkigombana na mgeni, mgeni ndiye mkweli. Na sheria zitungwazo chini ya Katiba hiyo zimeendelea kuandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyoandikwa baada ya 1979. Angalau Tanzania, kwa kuchelewa miaka 54, imeligusa jambo lenyewe, yaani sheria. Sisi tumegusa jina.

Mzee wangu na mimi tulikaa siku mbili kuandika pingamizi. Alisema, nikaandika kwa Kiswahili, kwa maneno yake: mipaka ya shamba kwa minazi na mkwaju, majina ya babake na babuye, mwaka wa mvua kubwa ulioangusha ua. Ilikuwa hati nzuri, na nilimwachia "ndia" yake na "nti" yake. Kisha nikaifasiri kwa Kiingereza, na mkwaju ukapoteza nusu ya ushahidi wake. Tulipofika ofisini tulizitoa zote mbili. Kijana aliyezipokea, Mswahili wa huku huku, alitwamkia kwa heshima, akamwita mzee Ami, akazisoma zote mbili kwa makini. Kisha akairudisha ile ya Kiswahili juu ya meza, akasema kwa upole kwamba hiyo hana faili la kuitia.

Mzee aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa shati.